Mashine Uliyoniundia

Fundi wangu niliyekuzaa mwenyewe,

Huku sote wazima. Ile mashine yako ya kufulia, ya kukanyaga kama baiskeli, niliiweka sebuleni nikatamba nayo mtaa mzima. Wakaisifu, lakini hakuna aliyeleta hata soksi. Nawe unaandika kwamba wakiikataa utaacha ufundi. Subiri kwanza, mama.

Nikufiche nini? Hata mimi nilikuwa nikifua kwa mikono bombani, mpaka viganja vikavimba. Jirani akaniambia, "Shoga, nani ajifungie ndani na chuma, na umbea wote uko bombani?"

Basi nikaiburuta hadi bombani. Sasa wanaigombania! "Shuka bibi, zamu yangu!"

Usiache kazi. Ila ijayo iwekee viti viwili, mmoja akanyage, mwenzake asimulie.

Mimi mama wa fundi, na mtaa mzima unajua.