Neno Nililomwandikia Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Pumzi fupi leo. Mke wa mwanangu karudi kutoka kazini, duka la dawa, na barua ya onyo. Ya Kiingereza. Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Baba, wewe msomi. Hostile ndiyo nini?" Mteja alimfokea, yeye akampa dawa yake kimya, bila tabasamu. Basi!

Nikamweleza: si mkali, si mnunaji. Ni anayekuona adui na kukuonyesha hivyo. Mbwa akikukenulia meno, huyo ni hostile.

"Sasa mimi nimemkenulia nani?" Akalia.

Neno nalijua. Nimewahi kulitumia.

Jumatano, 5 Machi
Tumejibu barua. Mimi nimetaja maneno, mke wa mwanangu akaandika. Mdogo wangu yupo, kaja kuninyoa kama kila Jumatano. Kusikia neno lile, akacheka. "Mimi na hilo tunajuana! Ndilo lililonifukuza kazi." Karani alimnong'oneza, zamani hizo. Anaamini aliliandika bosi wetu. Hata mazishini kwa bosi huyo hakukanyaga.

Bosi alitia sahihi tu.

Ijumaa, 7 Machi
Nguvu hakuna. Niseme hapa kwanza. Idara ya maji: mimi mkuu wa ofisi, mdogo wangu mchoraji ramani. Kikaoni, mbele ya wahandisi, akasema ramani niliyoipitisha ina kosa. Kwa adabu! Na kosa lilikuwepo. Wakacheka — si yeye, wao. Jioni ile nikaijaza fomu yake ya siri, ya tathmini ya kazi. Mahali pa tabia, "mbishi" lingetosha, tena lingesameheka. Nikaliona dogo. Nikafungua kamusi, nikachagua.

Miaka kumi na minne akatembeza viatu vya mitumba. Akipita kwangu, ananiachia jozi. "Chukua, kaka, saizi yako."

Jumapili, 9 Machi
Kikohozi. Siandiki zaidi.

Jumatano, 12 Machi
Onyo limefutwa. Mke wa mwanangu kanishukuru — mimi!

Mdogo wangu kaja na wembe mpya. Nikaanza: "Ile fomu yako..." Akanishika kidevu. "Tulia, kaka, nitakukata. Umebaki mashimo matupu mashavuni." Mkono wake mwepesi mno. Nikatulia. Mwoga mimi.

Shavu moja tayari, jingine lina povu. Maji yamepoa, kaenda jikoni kuongeza ya moto. Namsikia huko: mzee wenu leo anataka kuhutubia! Wanacheka.

Miwani yake kaiacha hapa, kwenye stuli.

Daftari silifungi; ile Ijumaa iko ukurasa huu huu. Naliweka juu ya shuka, nimeligeuzia upande wake. Hatua zake hizo —