Mipini Imenata

Jumatano. Baridi ya Julai, mawingu tangu asubuhi, jua halikutoka hata la kuanika soksi.

Nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaisha.

Leo Ochi amerudisha mipini yote. Ochi ni kinyozi wa Njiru, bado ananyoa kwa nyembe za zamani, zile za kukunja. Mipini ya plastiki ilipovunjika, aliniletea nyembe zake niziwekee ya mti. Alisema ikikaa vizuri nitawafanyia na ndugu zake, wote vinyozi, kazi ya kila mwezi. Nikachonga, nikapiga msasa wa kukwaruza, kisha ule laini, mpaka nikipitisha kidole hakikwami popote.

Halafu nikapaka polishi ya viti.

Ndiyo niliyofunzwa hapa Kariobangi na Fundi Njoro wa makochi, anayeniachia kona ya meza yake. Unaiyeyusha kwa spiriti, unapaka kwa kitambaa, unaacha ikauke, unarudia. Inang'aa ajabu. Lakini nani hupangusa kochi kwa spiriti? Wembe wa kinyozi hupanguswa kwa spiriti kila kichwa. Kila kichwa! Na mimi nimewaona wakifanya hivyo tangu nikiwa mtoto.

Polishi ililainika, mipini ikanata kama asali.

"Mama Nekesa, hii ni wembe ama ni chingamu?" Ochi akaniuliza. "Nimenyoa pasta kidevu nusu, mkono ukagoma kutoka."

Njoro alicheka mpaka akaweka randa chini. Hata mimi nilicheka. Kisha nikamwomba Ochi siku mbili, nikwangue yote, nipake mafuta tu.

"Hizi zangu kwangua, mathe. Lakini za mabro sahau. Washanunua zingine za plastiki."

Hakusema kwa ubaya. Heri angenitukana.

Kazi hiyo ndiyo ingembakisha binti yangu Nekesa hapa nami. Ana miaka mitatu, anashinda chini ya meza ya Njoro, na vumbi la msasa linamkohosha, kifua kinapiga filimbi. Mama alishasema nimpeleke kwake Bungoma. Nikamjibu angoje, nikipata kazi ya kueleweka nitamlipia yule mama anayelea watoto hapa kwa ploti. Senje, shangazi yangu, yuko mjini, anarudi Bungoma Jumamosi. Alikuwa anangoja neno langu tu.

Jioni nimempigia. "Senje, utaenda naye."

"Umefikiria vizuri, mwanangu?"

Nikasema ndiyo. Hakukubaki la kufikiria.

Nimemwambia Nekesa anaenda kwa kukhu, nyanya yake. Akauliza kama kuna kuku. Nikasema wako, wengi. Akaruka kwa furaha, akakohoa, akaruka tena. Nikamkaripia aache kuruka na soksi sakafuni, atateleza.

Sitabadilisha. Mtoto apumue kwanza, mambo yangu baadaye.

Kesho nitakwangua mipini ya Ochi, keshokutwa nifue nguo za mtoto. Mpaka Jumamosi nina la kufanya. Lakini Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nitamfunga nani nywele?