Vidudu vya Chumbani kwa Baba

Jumatatu, 3 Aprili
Mvua tena. Nguo za wateja hazikauki. Mume wangu kafunga kamba ya tatu chumbani kwa baba, maana ndicho chumba kikubwa na baba mwenyewe hana vitu. Shuka zote za nyumba ya wageni zimeingia humo. Nikamuuliza baba kama zitamkera. Kasema hewala, atakuwa anapita kwa kuinama, hata mfalme hupigiwa magoti. Nimecheka peke yangu nikikamua.

Nilipobadilisha foronya yake nikaona vidudu. Vidogo mno, rangi ya unga, vinakimbia. Nikaviponda kwa kidole, sijamwambia mtu.

Jumatano, 5 Aprili
Vipo ukutani pia. Vipo kwenye fremu ya picha ya mama.

Mume wangu kaviona leo. Macho yake hayapitwi na kitu isipokuwa vyombo vichafu. Kasema ni kunguni, watoto wa kunguni, na kwamba kabla ya baba kuja na godoro lake humu ndani hapakuwa hata na sisimizi. Kweli baba kaja mwezi wa kwanza. Godoro ni lile la pamba, walilolalia yeye na mama mpaka mama akafia juu yake. Vyombo vyote kawagawia majirani, godoro kaja nalo.

Mimi ni dobi. Ikisikika kwa dobi kuna kunguni, nani ataniletea shuka? Nimepiga deki mara mbili, sakafu na kuta, maji tele. Mikono inawaka.

Alhamisi, 6 Aprili
Baba kaomba avione. Maisha yake yote alikuwa fundi saa, na ile lenzi ya kubana jichoni bado anatembea nayo mfukoni. Kanyoosha kiganja, nikamwekea vitatu. Kaangalia, kaangalia. Ana mtoto wa jicho — hata mimi ananitambua kwa sauti.

"Sioni kitu, mama," kasema. Ananiita mama tangu nikiwa mdogo.

Mume wangu akaguna pembeni kwamba mzee anaficha. Baba kasikia. Masikio yake mazima. Karudisha lenzi mfukoni, kaifuta kwanza.

Nilipaswa kusema neno. Nikarudi kwenye beseni langu.

Jumamosi, 8 Aprili
Dawa. Tumepuliza chumba chote na kufunga madirisha. Baba kakaa barazani mpaka jioni, kisha karudi kulala na harufu bado inachoma macho. Nikamwambia alale sebuleni. Kasema haimsumbui. Hakuna kinachomsumbua, huyu.

Jumapili, 9 Aprili
Anakohoa. Na vidudu vimerudi, tena ni kama dawa imeviongezea hamu ya kula.

Mume wangu kasema: godoro litoke, au litoke na mwenyewe, waende wote kwa kaka. Nimempigia kaka. Nyumba yake ndogo, watoto wana mitihani, mke wake mgongo. Nikakata simu kabla hajafika kwenye kisingizio cha mbwa wake. Baba hana pengine pa kwenda. Nyumba yake tuliiuza sisi wenyewe, mimi na huyo huyo kaka.

Basi godoro.

Jumanne, 11 Aprili
Mvua imepumzika. Nimemwambia baba naliweka godoro juani. Kafurahi, kashika kona moja tukalitoa pamoja mpaka mlangoni. Kanisihi niligeuze mchana, upande wa mama huwa unachelewa kukauka.

Mume wangu kalipeleka jalalani, kalimwagia mafuta ya taa. Mimi nimesimama pale. Pamba haiwaki upesi, inafuka tu. Baba kauliza moshi wa nini. Nikasema jirani anachoma takataka.

Amelala kwenye mkeka, nimemwambia godoro bado bichi. Sakafu nilikuwa nimetoka kuipiga deki.

Jumatano, 12 Aprili
Vipo. Godoro halipo, vyenyewe vipo!

Nimeazima lenzi ya baba. Nikasogeza kabati, na nyuma yake ukuta mzima una kuvu, ya kijani na nyeusi. Nikabana lenzi jichoni. Vimejaa humo humo kwenye kuvu, vichwa chini, vinakula. Nikaponda kimoja kwenye shuka nyeupe. Hakuna damu. Nikaponda kingine, na kingine. Vumbi tu.

Nikavitia kwenye chupa, nikavipeleka kwa muuza dawa za wadudu. Kavitazama mara moja tu, karudisha chupa.

"Hawa hawaumi mtu. Chakula chao kuvu. Mnaanika nguo ndani?"

Nikasema hapana.

Nimerudi nikasimama katikati ya zile kamba tatu. Shuka zinadondosha. Ukuta unatoa jasho. Mkeka wa baba, nikiushika, umelowa. Siku zote hizi analala chini ya maji yangu, na hajalalamika. Nimelia, nikanawa uso kwenye beseni la nguo za watu.

Ijumaa, 14 Aprili
Nimetoa kamba zote chumbani, nimezifunga uani. Madirisha wazi. Nguo mbichi zimerudi kwa wenyewe, wengine wamenuna, shauri yao. Vidudu vimepungua, kweli vimepungua. Mume wangu hajasema samahani, hilo neno halipiti kooni mwake, lakini jana karudi na godoro la sponji kichwani. Limesimama ukutani, bado na nailoni yake.

Daktari wa zahanati kasema kifua cha baba kimeshika unyevu na dawa, asilale chini. Nikamtandikia la sponji. Kalibonyeza kwa kiganja, kasema ni zuri, tumpe mtoto wa mtu. Yeye anasubiri lake likauke.

Mara mbili nimefungua mdomo. Mara mbili nimemuuliza kama atakunywa chai.

Sasa hivi nilikuwa napiga pasi. Wingu limetanda. Kaja akipapasa ukuta, akakohoa, akasimama karibu yangu.

"Mama, naisikia mvua. Godoro mmeliingiza?"

Mume wangu akaangalia vidole vya miguu yake. Mimi nikashika pasi hewani mpaka mkono ukauma. Baba kasema basi tusihangaike, tuna kazi, ataliingiza mwenyewe. Kavaa viatu.

Yuko uani. Namwona dirishani akipapasa kamba, ya kwanza mpaka mwisho, sasa ya pili. Ananiita niende nishike kona moja. Matone yameanza.