Vipimo Visivyo na Jina

Waa, Jumamosi, mwezi wa saba, 1998

Mawingu tangu alfajiri, manyunyu yanakuja na kuondoka, na mimi nimevaa sweta ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Tangu nianze kupungua, baridi inanipata hata pale wenzangu wanapojipepea.

Kiuno leo ni inchi arobaini na tatu. Wiki iliyopita kilikuwa arobaini na tatu. Wiki ya kabla yake, arobaini na tatu na nusu.

Mimi ni fundi wa nguo. Kila Jumamosi, kabla sijaketi kwenye cherehani, ninajipima kama ninavyompima mteja na kuandika katika daftari lile lile la wateja. Kila mteja ana ukurasa wake na jina lake juu. Ukurasa wangu hauna jina. Zuhura, binti yangu, aliwahi kuniuliza vipimo vile ni vya nani, nikamwambia ni vya mama mmoja wa Tiwi.

Huyo mama wa Tiwi alianza mwezi wa pili na inchi hamsini na sita. Wiki za kwanza alikwenda mbio. Gauni nililolibana Jumatatu lilikuwa linamvuka mabega Jumatatu ya pili. Kisha akasimama wiki tatu nzima bila kupungua hata nusu inchi, halafu zikamwondoka mbili kwa mpigo. Sasa amesimama tena. Nywele zinatoka na kitana. Ngozi ya mikono inaning'inia, na mimi ninaitazama kama kazi ya fundi mwingine: kitambaa kimezidi na hakuna aliyerudi kukibana.

Nilidhani nitafurahi. Nilichopata ni ukimya tu, kama nyumba ambayo wageni wamekwisha kuondoka. Zamani nilikuwa naamka nikiwaza mahamri na mbaazi, na siku nzima ilikuwa na vituo vyake vya kula. Sasa ninaangalia saa ili nikumbuke kwamba ni wakati wa kula.

Naikumbuka njaa.

Niandike basi jinsi mambo yalivyokuwa, kwa kuwa leo nimeshayasema kwa mdomo. Baada ya Idi nilikwenda Ujerumani kwa dada yangu Mwanahamisi, aliyeolewa na mzungu waliyejuana naye alipokuwa akifanya kazi hotelini Diani. Magoti yalikuwa yamenishinda, presha ilikuwa juu, na tumbo lilikuwa limefika mahali sifikii cherehani ila nikae upande. Madaktari wa kule walinipasua, wakabana tumbo la chakula kwa pini ndogo za chuma, wakaacha kifuko cha ukubwa wa yai. Tonge nne, tano, nimeshiba. Ya sita inarudi ilikotoka.

Niliporudi niliwaambia watu nilipasuliwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo.

Ningewaambia nini? Kwamba nimepanda ndege kwenda kulipia nisile? Hapa kwetu mwanamke akinenepa husemwa ametunzwa, na mimi ni mama wa bibi harusi mtarajiwa. Niliwaona akilini wanawake wenzangu wakicheka mpaka leso zinawaanguka. Tena nilikuwa na hofu nyingine, kwamba nimeuchezea mwili niliopewa na Mungu. Kwa hiyo nikasema vidonda.

Ulikuwa uwongo uliokatwa vibaya. Aliyetibiwa vidonda hupona akarudisha mwili. Mimi niliendelea kwisha machoni pa watu, na miaka hii watu wamewaona wengi wakiisha hivyo. Hakuna aliyetamka ukimwi mbele yangu. Walisema pole, ila kwa sauti mpya. Kwenye harusi ya jirani, wakati wenzangu wanakaa wanne wanne kwenye sinia, mimi nililetewa sahani yangu peke yangu. "Kwa vile tumbo lako bado halijakaa sawa, dada," aliniambia mwenye kugawa, kwa adabu nyingi.

Nikamshukuru. Nikala tonge zangu nne nikitazama ukuta.

Hilo ningelivumilia. Lakini Zuhura ameposwa na Bakari, mwalimu wa Msambweni, na harusi ilikuwa iwe mwezi ujao. Wiki mbili zilipita upande wa mume hawajaleta habari. Halafu juzi ukaja ujumbe: mama yake Bakari atakuja Jumamosi. Peke yake. Mara zote alikuja na mashangazi na msafara mzima. Mtu akija peke yake kwa habari ya harusi, anakuja kuivunja kwa heshima.

 Zuhura alifagia ua mara mbili.

Nilipika wali wa nazi na samaki changu wa kupaka. Nikamwambia Zuhura aweke sinia la mgeni, na mimi anipakulie kwenye sahani ndogo. Sikutaka kumpa mtu nafasi ya kunitenga, nilijitenga mwenyewe. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kumjibu, mafupi, ya mtu asiyeomba.

Bi Mwanakombo, mama yake Bakari, alifika kabla ya adhuhuri, buibui limelowa. Mwanamke wa mwili. Kiuno hamsini, nilisema moyoni, kifua hamsini na mbili. Mazoea. Zuhura akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kumshika kichwa, kisha binti akajitoa akaenda jikoni. Tukakaa mkekani, tukaulizana hali za nyumbani mpaka zikaisha.

Nikala tonge nne. Nikaisogeza sahani kando, nikanawa. Yeye alikuwa ameacha kula, anaitazama ile sahani yangu. Nikajiambia, haya, sasa anaanza.

Akaivuta sahani. Akatia mkono pale pale nilipotoa wangu, akala makombo yangu yote, wali na mchuzi, mpaka sahani ikabaki nyeupe.

"Mama Zuhura," akasema, "mdogo wangu Hamadi tulimzika mwaka jana, kwa ugonjwa huu huu. Tulimtengea kikombe chake na sahani yake. Mimi ndiye niliyevitenga, kwa mikono yangu. Na yeye alikuwa akijua. Sasa mashangazi zake Bakari wana maneno mengi, ndiyo maana nimekuja bila wao. Harusi iko pale pale. Na siku hiyo wewe na mimi tutakula sinia moja, wanaotaka kutazama watazame."

Nililia. Tangu mwezi wa pili sijalia kwa jambo lolote, nilidhani na machozi walinifungia kule kule.

Naandika sasa jambo ambalo halipendezi. Kwa muda kidogo nilifikiri kunyamaza. Harusi ilikuwa imeokoka. Nilikuwa nimepata mtu wa kunipenda nikiwa mgonjwa, na kazi yangu ilikuwa ni kuendelea kuwa mgonjwa tu. Lakini mwanamke huyu amekula makombo yangu huku akiamini alichoamini. Nisingeweza kukaa naye sinia moja na kumla yeye pia kwa uwongo.

Nikamwingiza chumbani, nikafunga mlango, nikainua gauni. Kovu linaanzia chini ya kifua na kuishia karibu na kitovu. Nikamweleza yote, Ujerumani, pini, kifuko, mpaka mama wa Tiwi. Alilipitishia kidole lile kovu kutoka juu hadi chini, taratibu, kama anakagua mshono.

"Kwa hiyo umepasuliwa kwa hiari yako, ili ule kidogo."

"Ndiyo, Bi Mwanakombo."

"Na watu ukawaacha waseme yale."

"Ndiyo."

"Mimi nimelia kutoka Msambweni mpaka Ukunda. Watu nisiowajua wamenipa maji ya kunywa." Akaketi kitandani. "Wewe mwanamke! Uliona bora wakuzike u hai kuliko wakucheke."

Kisha akaanza kucheka yeye, cheko la kifua, kitanda kinalia, na mimi nikacheka nimeshika tumbo. Zuhura akagonga mlango kuuliza kuna nini. Binti alipoondoka, Bi Mwanakombo aliniambia mashangazi atawaambia mwenyewe, kwa ukali anaoujua yeye, na kwamba gauni lake la harusi nitalishona mimi. Nikampima. Kiuno ni hamsini na moja.

Nyumba imetulia sasa. Nimefungua daftari, nimeandika jina langu juu ya ukurasa wa mama wa Tiwi, herufi kubwa. Nilitegemea nitajisikia mwepesi. Lakini nilipokuwa nafunua kurasa za nyuma nimekutana na ukurasa wa Riziki.

Riziki alikuwa akiuza mahamri kando ya barabara. Kabla ya Ramadhani iliyopita, mimi bado ni mnene, alikuja na magauni matatu yapunguzwe. Alikuwa amekwisha vile ninavyoisha mimi, na sababu nilijua kama kila mtu. Nilimwambia asimame hapo hapo mlangoni, mwili wake ninaujua, hakuna haja ya futi ya kupimia. Nikamkadiria kwa macho. Vipimo vyake vimo humu kwa mwandiko wangu mzuri, na hakuna hata kimoja ambacho ni kweli. Magauni yalimkaa ovyo. Hakuyarudisha, wala hakusema neno.

Nilimwogopa. Bi Mwanakombo hakuniogopa mimi.

Wanasema yuko kwa kaka yake, kule Ng'ombeni. Wengine wanasema haamki tena. Sijui kama bado yupo.

Kesho sifungui cherehani. Nitachukua futi yangu niende Ng'ombeni nikampime Riziki kwa mikono yangu, kama atanikubalia.