Ng'ombe Wako Ametuchagulia Mbegu

Eldama Ravine,
Kupitia Nakuru.
9 Novemba, 1957.

Mpendwa Shemeji Kiprugut,

Pokea salamu zetu sote, nasi tunaomba zikukute salama. Je, kile kikohozi kimekuachia? Na joto la huko Voi, umelizoea au bado unalala na mlango wazi? Sisi huku hatujambo. Dada yako Chepkemei ni mzima, watoto wanakwenda shule, na mvua ya vuli imenyesha vizuri. Mama yako aliumwa na goti mwezi uliopita, lakini Jumapili alitembea mwenyewe mpaka kanisani.

Habari njema zimeishia hapo. Sasa kaa chini, maana nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yako.

Ng'ombe wako amekula soya yangu.

Soya huijui, na sikulaumu, hata mimi mwaka jana sikuijua. Ni aina ya maharagwe, punje ndogo za mviringo, na wanasema zina nguvu karibu na za nyama. Bwana Shamba alikuja mwezi wa tatu akasema wanataka kujua ni soya gani inayoweza kuiva kwenye baridi yetu hii, ili watu wapande iliyo bora wasiwe wanabahatisha. Akachagua shamba langu kwa kuwa nimefika darasa la sita na ninaweza kujaza daftari. Aliniletea aina sita. Nikakata vipande sita vilivyo sawa, kila kimoja na kigingi chenye namba, mbolea sawa, palizi siku moja. Kila Jumamosi nilipiga magoti kuhesabu maganda huku watu wakipita njiani wakinicheka. Nilihesabu hata nikawa nayaota usingizini.

Ilipofika Septemba, vipande vitano vilikauka na majani yakapukutika, kama inavyotakiwa. Namba nne ilikuwa nzuri kuliko zote, mti mfupi usio na maringo, lakini umebeba kuanzia chini mpaka juu. Namba tatu peke yake ilibaki kijani. Majani mapana, imenifika kiunoni, na ukiminya maganda yake, ndani hamna kitu. Hiyo ndiyo kasoro yake, shemeji: haiivi. Baridi inaikuta bado inaota majani. Anayeipanda huku kwetu atavuna majani.

Sasa tuje kwa ng'ombe wako. Nilikubali kumtunza mwaka mmoja, na huu ni wa tatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako nimpe nini? Tena ni wewe uliyeandika ati asifungwe kamba, ni ng'ombe wa marehemu baba, kamba itamvunja moyo. Kumvunja moyo! Yeye amenivunjia ua mara nne. Mara ya nne ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Oktoba, sote tuko kanisani. Tuliporudi tulimkuta amesimama katikati ya namba tatu, au tuseme pale namba tatu ilipokuwa. Vipande vingine hakuvigusa hata kidogo. Angevigusaje? Ni mabua makavu, na mbele yake kuna majani mabichi ya kumtosha siku nzima.

Kama mambo yangekwisha hapo ningenuna wiki moja nikanyamaza. Lakini Jumanne iliyopita kulikuwa na baraza. Mbegu zitaletwa kwa treni mpaka Nakuru, na ni za aina moja tu, kwa hiyo lazima watu wachague. Kila boma limeahidi ekari moja iliyokuwa ya mahindi. Nilisimama na daftari langu nikasoma uzito wa kila kipande, nikasema namba nne imeshinda, tena kwa mbali. Mzee arap Kosgei akauliza namba tatu ilipima ngapi. Nikasema haikupimwa, imeliwa. Akauliza imeliwa na nani.

Nilipojibu, watu walicheka. Yeye hakucheka. Alisema polepole, "Micah amepima aina tano. Iliyobaki imepimwa na ng'ombe, na ng'ombe hajawahi kutudanganya."

Basi ikawa hivyo! Unatujua sisi na ng'ombe. Vichwa vikatikisika kukubali mpaka nyuma kabisa. Ati kama ng'ombe amepita vipande vitano akachagua kimoja, mtu ni nani abishane naye? Nilieleza habari ya kuiva nikaambiwa nisipandishe sauti mbele ya wakubwa. Bwana Shamba naye akasema ataagiza ile wanayoitaka wenyewe. Nimefundishwa tangu utoto kwamba penye wazee hapaharibiki neno. Safari hii limeharibika, tena mbele ya macho yangu.

Unamkumbuka Chelagat, yule mjane jirani yetu? Ana ekari mbili tu na watoto watano. Jana alikuja hapa amefurahi kweli, kuniambia ekari moja nzima ataitia namba tatu. Nikamsihi asifanye hivyo. Akanitazama kwa huruma akasema, "Baba Sally, unamwonea ng'ombe wivu." Mimi! Dada yako alicheka mpaka akashika ukuta. Nikatoka nje nikapasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Lakini mwakani, Chelagat atakapokuwa na majani ya kiunoni na chungu kitupu, nani atacheka? Watoto watano, shemeji. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si ua wangu.

Na bado. Wazee wanataka kukushukuru. Wewe! Waliamua mwenye ng'ombe aandikiwe barua ya shukrani, na kwa kuwa mwandishi wa barua wa huku ni mimi, nimeiandika kwa mkono wangu huu. Imo ndani ya bahasha hii hii. Ukiona kalamu imetoboa karatasi, usiulize kwa nini.

Sasa nisikilize. Mimi nilihesabu miezi kadhaa na hawakunisikia. Wewe una ng'ombe, watakusikia. Waandikie. Waambie jinsi huyo ng'ombe alivyokula blanketi la mama yako, na mche mzima wa sabuni, na nusu ya kofia ya mchungaji siku ya ubatizo wa mwanetu Kipkemei. Usiwadhihaki, ni wazee wetu. Waambie tu kwamba ng'ombe hutafuta kilicho kibichi, na sisi watu tunataka kilichoiva. Barua ifike kabla ya tarehe mbili Desemba, siku ambayo Bwana Shamba anakuja kuchukua jibu la mwisho.

Mama yako anakusalimu, Chepkemei anakusalimu, na Sally anauliza utarudi lini. Nisalimie mkeo Chepkorir na watoto wote. Mungu awalinde huko mliko, awape afya na riziki.

Neno moja zaidi. Barua yako itafunguliwa barazani, na atakayewasomea ni mimi, maana hakuna mwingine. Hata ukiandika "asante" peke yake, ninaweza kuishika karatasi hiyo nikawasomea lolote nitakalo, na hakuna atakayejua. Nimeliwaza hilo siku tatu. Hata kwenye daftari ningeweza kutia uzito wowote penye namba tatu, na nafasi hiyo nimeiacha wazi mpaka leo. Kwa hiyo usinitie majaribuni, shemeji. Andika kweli, ili nisome kweli.

Ni mimi shemeji yako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Micah Kiptanui