Kitanda cha Eldrid

Lauvdal, 15 Oktoba 2024
Asubuhi hii kuna ukungu, na theluji nyepesi isiyoshika chini.

Mpendwa dada Borghild,

Natumaini goti lako limepata nafuu na shemeji Odd hajambo. Huku tu wazima, ila Mama hali chakula vizuri. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu akiwa jikoni anasikia kila neno.

Makumbusho yetu yamejaa. Kamati imeamua kwamba kati ya vitanda saba vya kubembezea watoto, kibaki kimoja, na vingine virudishwe Jumamosi kwa familia zilizovitoa. Mwenyekiti Halvard alitania kwamba mgeni atadhani watu wa Lauvdal hawakuwa na kazi nyingine. Nilimweleza Mama nikidhani atafurahi kukipata chetu. Kikombe kilimponyoka. Alisema nikichome, nikifanye lolote, ila kisishushwe mbele ya dirisha la jirani yetu Gudrun.

Unakumbuka tulivyomcheka kwa kwenda kukitazama kila Jumapili? Kumbe alikuwa akihakikisha bado kiko kule makumbusho. Ameniambia kwamba kabla hujazaliwa alimwazimisha Gudrun kitanda hicho, na binti wa Gudrun akafia humo usingizini, hajatimiza hata miezi miwili. Kiliporudi, Mama hakuthubutu kukulaza humo. Ulilala kwenye kikapu cha nguo. Wala hakuwahi kulitaja jambo hilo kwa Gudrun, miaka yote hii ya kunywa kahawa pamoja.

Basi jana kwenye kikao niliomba chetu kibaki. Halvard akasema kisicho na historia hakikai, na hicho hata rangi hakina. Nikabanwa, nikasema yote. Nilisahau zamu ya kahawa ilikuwa ya nani. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, na Gudrun akaingia na birika mkononi. Alimjazia Halvard kikombe, akamwambia, "Wewe kijana, andika kwenye kadi yake: Eldrid. Na usinikosee herufi." Halvard, na mvi zake zote, aliandika.

Kwa hiyo kitanda kinabaki. Lakini Mama hajui kwamba nimeitoa siri yake, wala kwamba jina la yule mtoto liko pale. Jumapili atakwenda kama kawaida, na Gudrun ameniambia atakuwa ameketi kando ya kitanda, akimsubiri. Sijui nimwandaeje. Panda treni ya Ijumaa, dada, tafadhali. Chumba chako nimeshakitandika.

Mama amegonga mlango kuuliza namwandikia nani. Nimemwambia ni wewe. Anakusalimu sana, na anauliza kama bado unapenda kulala kwenye vikapu.

Mdogo wako,
Åshild