Hukufika Mstari wa Mwisho

Baba watoto,

Chakula kimo kwenye sufuria, pasha tu. Gesi inakaribia kwisha, kwa hiyo usichemshe maji ya kuoga. ~~Binti yako akirudi shule muombe radhi.~~ Hapana, soma kwanza.

Asubuhi amegoma kuvaa viatu. Hataki kupeleka yale maoni ya kitabu uliyomtungia jana: “Kitabu hiki ni kizuri na kina mafunzo mengi.” Mwalimu kawaambia watoto waandike wanavyoona wao, si wanavyoona baba zao! Jana mimi nilimbembeleza mpaka basi huyu mtoto aandike. Kaandika, wewe ukaona “Sikukipenda kitabu hiki,” ukaikunjakunja karatasi ukaitupa. Eti vitabu havisemwi vibaya. Nani kakwambia?

Nimeiokota kwenye pipa, nimeipiga pasi, iko chini ya kikombe chako. Ulisoma mstari mmoja tu, mume wangu. Alivyomalizia ni hivi: “Hadithi inachosha, lakini baba akisoma maneno ya fisi nacheka mpaka machozi. Mkikiazima kitabu hiki, mwazimeni na baba yangu.”

Mama watoto